Gari Lililotetemeka Kitisuru

Kaindi alilisikia gari kabla ya kuliona. Alikuwa bado nje ya lango la Mzee Thuo, akingoja kufunguliwa, na kule ndani injini ilikuwa ikishika na kulegea, ikishika na kulegea, kama mtu mwenye homa anayejikaza mbele ya wageni. Aliyekuwa kwenye usukani alikanyaga mafuta kidogo, mtetemo ukaisha. Akaachilia, ukarudi. Kaindi aliliweka hilo akilini.

Kando ya lango aliketi mwanamke mwenye kikapu mapajani. Alipoona beji ya kampuni ya bima kwenye koti la Kaindi, alisimama upesi.

"Madam, wewe ndiye wa insurance?"

"Ni mimi. Naitwa Kaindi."

"Mimi ni Annah, mama Yvonne. Bibi ya Kitavi, dereva wa hapa." Alisogea karibu. "Walimshika jana jioni, hapa hapa gate, madereva wa hii barabara yote wakiangalia. Ati alitoa kitu ya exhaust akauza. Monday anapelekwa kortini, anachukuliwa fingerprints. Akishaandikwa mwizi, ile cheti ya polisi ya good conduct hatapata tena. Na bila good conduct, nani atampea gari Nairobi hii? Hajui kazi ingine. Ni kuendesha tu."

Jana ilikuwa Ijumaa. Kaindi aliuma meno. Alikuwa mkaguzi wa magari katika jeshi la polisi kabla ya kuanza kuyachunguzia makampuni ya bima, na alijua kwa nini wenye nguvu hupenda kumshitaki mnyonge Ijumaa jioni. Wikendi nzima humtafuna kabla hakimu hajamwona.

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi! Nimempelekea chai asubuhi, anaangalia tu chini. Nikamuuliza, Baba Yvonne, nani alitoa hiyo kitu? Akaniambia, 'Jumapili haijafika.' Hiyo tu. Mtu yuko kwa cell anahesabu siku za wiki."

Lango likafunguka. Annah alitaka kuingia, lakini bawabu, mtu mzima mpole aitwaye Gerishon, alitikisa kichwa huku akitazama pembeni. Alikuwa ameagizwa, na aliona haya kwa alichoagizwa.

Mzee Thuo alikuwa na nyumba za kupangisha kule Waithaka, na alizungumza na kila mtu kama mpangaji aliyevunja dirisha. Alisimama kando ya gari jeusi, mikono kiunoni. Kwenye usukani alikaa mwanawe Dan, kijana aliyemaliza chuo mwaka uliopita, miwani ya jua imetulia juu ya nywele.

"Hakuna kitu ya kuchunguza," Thuo alianza. "Monday dereva aliipeleka gari Ngara, service. Inatetemeka mpaka leo. Dan akaipeleka kwa fundi wa maana, huyo fundi akaingia chini, akapata catalytic haiko. Ile kitu ya kuchuja moshi, ile wezi wanauza juu ya madini iko ndani. Imetolewa, imewekwa pipe tupu. Sasa niambie, nani aliipeleka Ngara? Andika hivyo, mlipe claim yangu."

"Wewe Dan, hukuwa naye Ngara?" Kaindi alimgeukia kijana.

"Niende Ngara kufanya?" Dan alijibu.

"Basi zima gari. Nataka lipoe kabisa."

"Madam, si uangalie tu hivyo? Niko na plan zangu."

"Zima."

Wakangoja. Mzee Thuo aliletewa chai, akainywa pale pale. Kaindi hakupewa hata maji, jambo ambalo nyumba yoyote yenye adabu ingelionea haya. Aliutumia muda huo kuvaa ovaroli yake na kuloweka kitambaa kwenye bomba la bustani.

Gari lilipopoa aliinua boneti, akamwambia Dan awashe. Ndani ya mngurumo kulikuwa na mlio mdogo wa tik-tik-tik, pale mbele ambapo bomba la egzosi hufungwa kwenye injini. Akaenda nyuma, akaziba mdomo wa egzosi kwa kile kitambaa kibichi. Egzosi isiyovuja ikizibwa hivyo, injini hukabwa ikataka kuzimika. Hii haikukabwa. Ilipumua mbele, kwa mfoko ambao hata Mzee Thuo aliusikia akasogea na kikombe chake.

Kaindi akaingia chini na tochi. Alikaa huko muda mrefu kuliko walivyotarajia, na alipotoka mikono yake ilikuwa na masizi.

"Hapa mbele panavuja," alisema. "Waliofunga hili bomba wamerudishia gasketi ya zamani, kile kizibo cha kwenye maungio, na gasketi ikishabanwa mara moja haifai tena. Sasa moshi unatoka, hewa ya nje inanyonywa ndani. Sensa inaonja hiyo hewa na kuiambia kompyuta kwamba petroli ni kidogo. Kompyuta inaongeza petroli isiyohitajika, injini inapaliwa. Ukikanyaga, moshi unakuwa mwingi, hewa inakosa nafasi, unadhani gari limepona. Ukiachilia, homa inarudi."

"Kwa hivyo Kitavi hata kufunga hajui."

"Mzee, mwizi wa katalitiki hafungui bolti. Anakata kwa grinda, huku akiangalia nyuma. Hapa hakuna kilichokatwa. Kila bolti imefunguliwa kwa spana yake. Na bomba lililowekwa ni la chuma kisichoshika kutu, limechomelewa vizuri kuliko grili za madirisha yako. Hilo ni bomba la mtu anayetaka mtaa mzima ujue amefika. Wewe umeshaona mwizi anayekuibia halafu anakuachia zawadi?"

Dan alicheka kidogo. "Lakini haingurumi. Ingekuwa pipe ya sports, ile ya kelele, ungesikia."

"Ningesikia kama sailensa ya nyuma, inayomeza kelele, isingekuwa ile ile ya zamani. Ilitolewa, ikarudishwa. Bolti zake zina mikwaruzo mipya." Kaindi alimtazama. "Mtu alitaka kelele, halafu akaogopa kelele."

Dan alishusha miwani yake ikafunika macho.

Kaindi hakuendelea naye. Alitoa mashine yake ndogo ya kusomea kompyuta ya gari, akaichomeka chini ya usukani. Mtu akifuta taa ya onyo kwenye dashibodi, kompyuta huanza kuhesabu upya kilomita tangu ilipofutwa, na watu wengi hawajui kwamba hesabu hiyo ipo. Ilionyesha mia nne na ushee. Kwenye kona ya kioo cha mbele fundi wa Ngara alikuwa amebandika stika ya service yenye kilomita za siku ile. Tangu siku hiyo gari halikuwa limefikisha hata mia moja.

Hesabu ya darasa la tatu ilitosha. Mtu alilichezea gari hili na kufuta taa ya onyo muda mrefu kabla Kitavi hajalipeleka Ngara.

"Umepata nini?" Thuo aliuliza.

"Bado napata."

"Nimeshasikia jina lako, Kaindi. Wewe na Kitavi mnatoka upande mmoja. Mnalindana."

Kaindi aliichomoa mashine yake. Miaka yote hiyo ya kazi, na bado mtu alidhani anakagua ukoo. "Bomba halina kwao, Mzee," alisema, akafunga mkoba wake kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

Kule Ngara, fundi wa ile stika, Jackton, alikuwa na kibanda nyuma ya maduka ya jumla, kati ya kuta mbili za ghorofa. Alipomwona Kaindi na ovaroli yake, aliinua mikono kabla hajasalimiwa.

"Madam, kama ni ile maneno ya Kitavi, polisi walikuja wakapiga hii picha wakaenda. Wakaniambia nisitoke Nairobi."

Alichoonyesha kilikuwa ganda la katalitiki, limelala kwenye karai la vyuma chakavu. Kaindi alichuchumaa kando yake. Aliliinua. Lilikuwa limekatwa kwa grinda pande zote mbili, na lilienea kwenye viganja viwili.

"Hili ni la gari dogo."

"Si ndiyo nawaambia! Ni ya kigari ya mwalimu fulani, iliziba nikamtolea. Walikataa kusikia."

Lile la Mzee Thuo lingekuwa kubwa zaidi, tena lilifunguliwa, halikukatwa. Picha ambayo ingepelekwa mbele ya hakimu Jumatatu ilikuwa ya kitu kingine kabisa, na kuna mtu mwenye mshahara aliyeiita ushahidi. Kaindi alilirudisha karaini polepole ili asilitupe.

"Nieleze siku ile Kitavi alikuja."

"Alikuja *sababu* gari inatetemeka. Haikuanzia hapa. Nikabadilisha plagi, nothing. Nikaingia chini. Nikamwambia, boss, hii pipe si ya hii gari, umefanyiwa sports, na gasket ni ya kitambo. Nikuwekee mpya? Akafanya hivi." Jackton alijishika kidevu. "Akaniambia, 'Usiiguse. Hiyo ni ya kijana. Nitamwambia aambie baba yake mwenyewe. Nampea mpaka Jumapili.'"

"Jumapili."

"Kesho. Nikamuuliza, na kwa nini usiambie mzee wewe? Akasema huyo mtoto amempeleka shule tangu nursery. 'Nikimsema mimi, nimemuaibisha. Akijisema, amekuwa mtu mzima.'"

Kaindi aliketi juu ya gurudumu. Alikuwa ameona uovu mwingi katika kazi hii, lakini huu ulizidi. Kitavi alikuwa amelala sakafuni usiku kucha, bila mkanda wala viatu, akitunza ahadi aliyompa kijana. Na kijana, badala ya kuutumia muda huo kusema kweli, aliutumia kumfunga aliyempa.

"Zile plagi za zamani ziko wapi?" aliuliza, kwa sababu kazi lazima iendelee.

"Alienda nazo. Kitavi habadilishi kitu bila kurudisha ya zamani. Mzee wake ana sheria, hata nati iliyokatika irudi nyumbani aione. Lakini si yeye pekee. Wateja wanaogopa kudanganywa, kwa hivyo fundi yeyote anajua, ukitoa kitu kwa gari ya mtu, unamwekea kwa buti. Hata asipouliza."

Kaindi aliinua kichwa. "Hata fundi wa sports?"

"Hata huyo. Ukibaki nayo, kesho utaitwa mwizi."

Alasiri ilikuwa imepoa Kaindi aliporudi Kitisuru. Annah alikuwa bado pale langoni. Kaindi alimpita, akaenda moja kwa moja kwa Gerishon.

"Spea za zamani zikija kwenye buti, nani huzitoa?"

"Ni mimi. Nikiosha gari naangalia buti. Nikipata kitu nafunga kitambaa, napeleka store ya mzee."

"Bomba je? Bomba kubwa, lenye tumbo?"

Gerishon aligeuka kuitazama nyumba, kisha akamtazama Annah na kikapu chake.

"Hakuna mtu aliniuliza, madam."

"Mimi nakuuliza."

"Ni ile wiki mzee na mama walienda mazishi Nyeri. Kitavi ndiye aliwaendesha, na ile gari nyeupe. Dan akatoka na hii nyeusi, ikarudi inanguruma mpaka mbwa za majirani zikalia. Asubuhi nikaiosha, nikapata pipe kwa buti. Silencer ilikuwa kwa kiti ya nyuma, hiyo sikuigusa. Nikapeleka store vile napelekanga zote. Halafu siku mzee anarudi, kelele ikaisha." Alifuta uso kwa kofia yake. "Jana walipomfunga pingu nilikuwa nimesimama hapa. Nilitaka kusema. Niliogopa kazi."

Annah hakumlaumu. Alisema tu, "Hata yeye ni kazi alikuwa nayo," na Gerishon akainamisha kichwa.

"Fungua lango," Kaindi alisema. "Mama Yvonne anaingia na mimi."

Stoo ya Mzee Thuo ilikuwa nyuma ya nyumba, na ilipotajwa tu alichangamka.

"Hapa ndipo mafundi hawanidanganyi," alisema akiwatangulia kuingia, ingawa alikuwa amemkodolea Annah macho. Dan alifuata nyuma, kwa sababu baba yake alimwita. "Kila kitu iliyotoka kwa gari zangu iko hapa. Plagi, mikanda, breki. Miaka yote. Hakuna mtu ameweza kuniambia amebadilisha na hajabadilisha."

"Ulishaangalia huku tangu mpeleke Kitavi polisi?"

"Niangalie nini kwa vitu kuukuu?"

Kaindi alipita kati ya rafu, akasogeza gurudumu la zamani lililoegemea ukuta. Nyuma yake lilisimama bomba refu lenye uvimbe katikati kama kibuyu, limefungwa kitambaa cha bluu kwa fundo la Gerishon. Alilitoa mwangani, akaangaza tochi kwenye namba iliyogongwa ubavuni, akamwonyesha Thuo pamoja na karatasi ya bima yenye aina ya gari lake.

"Katalitiki yako, Mzee. Haijakatwa. Haijauzwa. Imefungwa kitambaa na kuwekwa kwenye stoo yako, kwa sheria yako. Umemtupa mtu rumande kwa wizi wa kitu ambacho hakijatoka kwako."

Thuo alilitazama bomba. Kisha, polepole, akamtazama mwanawe.

"Dad, sikujua iko hapa," Dan alisema haraka. "Niliangalia kwa buti nikapata haiko, nikadhani Uncle Kitavi ameichukua. Honestly."

"Ulidhani?" Kaindi aliuliza. "Au uliomba iwe hivyo? Wewe ndiye uliitoa. Ulijua haikutolewa Ngara."

"Aliniambia nimwambie Dad kabla ya Sunday, ama..."

"Ama nini?"

Dan aliivua miwani yake. "Hakusema ama," alijibu kwa sauti ndogo. "Alisema tu anajua nitasema."

Annah alikuwa amekishika kikapu kwa mikono yote miwili. Mzee Thuo alijikuna shingo, akakohoa, na aliporudi kusema, sauti yake ilikuwa imeshuka, laini kama ya mtu anayepatana bei.

"Sawa. Haya ni mambo ya nyumba. Napigia kituo simu, naambia wao ilikuwa misunderstanding. Kitavi anarudi kazi Monday, tunasahau. Na wewe madam, claim tunaitoa. Hakuna haja ya jina ya kijana kuandikwa mahali."

"Misunderstanding?" Annah alisema. Sauti yake haikupanda, ila kila neno lilitoka zima. "Mzee, jana haikuwa mambo ya nyumba. Jana ulisimama gate ukaita madereva wa jirani waje waone mwizi. Yvonne ananipigia kutoka shule ananiuliza kama ni ukweli. Leo ndiyo imekuwa ya nyumba?"

Kaindi alikuwa amepanga kuongea kwa utaratibu, kama ripoti. Utaratibu ulimshinda. "Mnajua kupiga kelele mkishitaki na kunong'ona mkikosea!" alisema. "Ripoti yangu itakuwa na jina la aliyelitoa hili bomba na jina la aliyedanganya juu yake. Dan, libebe. Weka begani. Kituoni mtaniambia tena hiyo misunderstanding."

Dan alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa akitazama rafu zake. Akaliinua bomba.

Kituoni ilichukua muda mfupi tu, maana yule yule aliyelalamika ndiye aliyekuja kufuta malalamiko. Kitavi aliletwa mbele akiwa ameshikilia suruali kiunoni, viatu havina kamba. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye mvi chache. Alipomwona mkewe alitikisa kichwa kidogo kumtuliza. Kisha akaliona bomba begani mwa Dan, na kitambaa cha bluu.

"Umesema?" alimuuliza kijana.

"Sorry, Uncle."

"Nimekuuliza kama umesema. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

Dan alitazama sakafu. "Walipata kwa store."

Kitavi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama aliyetarajia jibu lingine hadi dakika ile. Akarudishiwa mkanda wake, akauvaa. Mzee Thuo akasogea mbele, akanyoosha mkono wenye funguo. Nje, gari jeusi, la kuwashwa kwa kitufe, lilikuwa limeachwa likiunguruma, na mtetemo wake ulisikika hadi ndani.

"Kitavi, twende nyumbani. Yameisha. Endesha wewe."

Kitavi hakuzipokea.

"Mzee, kwako kuna sheria," alisema. "Kitu ikitolewa kwa gari, hata kama ni nati, inarudishwa pale nyumbani, mwenyewe aione. Nimeifuata hiyo sheria tangu nianze kazi kwako. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Jana mlinitoa jina. Mlinitolea pale gate, madereva wote wakiona. Sasa mnataka kunirudishia hapa, kwa hii counter, ambapo hakuna mtu ananijua?"

Funguo zilibaki zikining'inia mkononi mwa Thuo. "Unataka nini, basi?"

"Sitaki kitu. Nilimpa Dan mpaka Jumapili, na Jumapili ni kesho. Mimi bado niko kwa neno langu. Aende pale gate, aite wale wale, aseme. Madereva wakiniletea habari, nitatoka."

Akaketi kwenye benchi. Afande wa zamu alimwambia yuko huru kwenda. Kitavi alimshukuru, akabaki pale pale. Annah aliketi kando yake, akafungua kikapu, akampakulia muthokoi wa mahindi na maharage uliokuwa umeshapoa. Kaindi naye akavuta kiti, akatoa kalamu, akaanza kuandika ripoti yake kwenye magoti.

Mzee Thuo alisimama akitazama mlango. Dan alibaki katikati ya chumba, bomba begani, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aliweke wapi.